Kiti cha Mwenye Makala

Nyumbani kwetu sheria zilikuwa nyingi, lakini yenye meno ilikuwa moja: mtu hasemwi hayupo. Zile nyingine, kama kunawa miguu kabla ya kupanda kitandani au kutoacha kata ndani ya mtungi, zilikuwa na msamaha. Hii haikuwa nao.

Niliiweka mwenyewe nikiwa na miaka kumi na minne. Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, mama akitangulia, baba akimfuata kabla hatujazoea kuita jina la mama bila kuitikiwa. Matanga yalipokwisha, ndugu walikaa chumba cha mbele wakaanza kutugawana sisi wanne kwa sauti ya chini. Huyu ana miguu mizuri, atafaa kuchunga. Huyu mdogo anakojoa kitandani. Yule mkubwa ni mjuaji, atasumbua. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia tunasikia kila kitu. Yule mkubwa alikuwa mimi. Nikatoka nikawaambia kwamba kama wana la kusema juu yetu, waseme tukiwepo.

Walicheka kidogo, halafu kila mmoja akakumbuka ana safari. Aliyebaki ni shangazi, dada yake baba. Alisema yeye hana safari yoyote, na kwamba huyo anayekojoa kitandani atalala naye.

Basi shule nikaiachia darasa la sita, nikawa mkubwa wa nyumba yenye watoto watatu na shangazi mmoja. Huyo aliyekuwa anakojoa kitandani ndiye mwenye habari hii. Ameniruhusu kuiandika, kitanda na vyote. Nilimwomba ana kwa ana.

Sheria ilifanya kazi namna hii. Ukiwa na lalamiko juu ya mtu, unamwita. Akija, anakalishwa kwenye kiti cha baba, kiti cha mninga ambacho mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika zamani, na hapo anaambiwa. Akiitwa mara tatu asije, kiti kinawekwa kitupu katikati ya chumba na mtu anasema mbele ya kiti, ili angalau lisemwe kwa adabu. Mdogo wangu huyu, akiwa darasa la pili, alichapwa na mwalimu kwa kosa la mwenzake. Nikamkataza kumsema mwalimu. Kesho yake jioni nikasikia hodi. Alikuwa amemleta mwalimu mwenyewe, amemshika mkono njia nzima kutoka shuleni.

"Mtoto kasema naitwa hapa," mwalimu akasema. "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa," mdogo wangu akajibu. "Kaa hapo kwenye kiti nikuseme."

Mwalimu alikaa, akasemwa, akanywa togwa ya ulezi, akaomba radhi. Wageni walikuwa wakisikia sheria yetu wakidhani sisi ni watu wapole sana. Hawakujua upande wa pili. Nyumbani kwetu mtu hasemwi hayupo, lakini akiwepo haponi.

Miaka ikaenda. Soko huria likaja, ushirika ukapoa, na watu kama mimi tukaruhusiwa kununua nafaka kwa mkulima na kuuza kwa wenye malori. Nikapata kibanda Majengo, hapa Sumbawanga mjini, mizani, na bambo. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ndani: unalichoma gunia, unakichomoa, kinakuja na punje za katikati ambazo mwenye gunia hakupanga uzione. Nimechoma magunia ya mahindi na maharage kuanzia Kasense hadi vijiji ambavyo gari linafika kwa kusukumwa. Kwa bambo hilo wadogo zangu wawili walimaliza sekondari na kupata kazi zao, na wa mwisho akapitiliza. Alimaliza chuo kikuu, kisha akachukuliwa kusoma shahada ya pili, kwa msaada wa masomo kutoka serikalini, katika kitu alichokiita bayolojia ya kompyuta.

"Ni nini hasa?" nilimuuliza alipokuja likizo ya kwanza.

"Dada, ndani ya kila kiumbe kuna maandishi. Ndani ya mahindi, ndani ya samaki, ndani ya ng'ombe. Ni marefu mno, mtu hawezi kuyasoma. Sisi tunaifundisha kompyuta iyasome."

"Ndani ya ng'ombe kuna maandishi?" shangazi akauliza.

"Yapo, shangazi."

"Ana herufi ngapi?"

"Nne tu."

Shangazi akatikisa kichwa. "Maskini. Ndiyo maana haongei."

Likizo ya pili alirudi amekonda. Alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na moja la karatasi, na la karatasi ndilo lililokuwa zito. Hakula vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikaweka kiti cha baba katikati, nikamwita, akakaa.

"Sema wewe mwenyewe kabla sijakusema mimi."

Ndipo akaeleza. Kule kwao kulikuwa na semina kila wiki. Mwanafunzi mmoja anapewa makala ya kisayansi iliyoandikwa na watu wengine, mara nyingi maprofesa wa ng'ambo. Anasimama mbele ya wenzake, anaeleza waandishi walifanya nini na kompyuta ilionyesha nini. Mpaka hapo yeye alikuwa hodari kuliko wote. Lakini sehemu ya pili, yenye alama nyingi zaidi, ni kueleza makosa ya makala. Waandishi walikosea wapi, walijidanganya wapi, walificha nini.

"Na waandishi wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Hawapo, dada. Hilo ndilo tatizo."

Alikuwa amesimama, akaieleza makala vizuri, kisha profesa akamwambia, "Sasa tupe udhaifu wake." Yeye akasema makala ni nzuri. Profesa akasema hakuna makala isiyo na udhaifu. Yeye akasema inawezekana, lakini hajakutana na mwandishi akamuuliza. Darasa likaangua kicheko. Profesa akarudia mara ya tatu, na mdogo wangu, mbele ya watu wazima wenye shahada, akasema kwamba si vizuri kumsema mtu hayupo.

"Nani alikufundisha hivyo?" profesa akauliza.

"Dada."

Akapewa sifuri kwa sehemu ya pili. Kanuni ya kozi ilisema asiyefaulu semina haendelei, na asiyeendelea ananyang'anywa nafasi na msaada wa masomo pamoja. Alikuwa amepewa nafasi moja ya kurudia, wiki ya pili ya muhula mpya, na makala nyingine. Akishindwa hiyo, arudi nyumbani.

Nimewahi kuuziwa mahindi yenye mchanga, nimewahi kuibiwa mizani, lakini sikuwahi kupigwa na sheria yangu mwenyewe namna ile.

"Mwambie aiondoe," shangazi akamnong'oneza mdogo wangu, akimaanisha mimi niiondoe sheria. Alimnong'oneza nikiwepo, kwa hiyo hakuvunja chochote.

Nilifikiria. Kweli niliiweka mwenyewe na ningeweza kuiondoa mwenyewe. Lakini nilikumbuka pazia lile na sauti zile za chini, nikaona bora niuze kibanda. "Sheria inabaki," nikasema. "Tutatafuta njia iliyomo ndani yake. Kwanza tuione hiyo makala."

Jumapili baada ya misa tukafanya semina sebuleni. Shangazi alikaa kwenye mkeka. Mgeni wetu alikuwa mzee mmoja Msukuma, mfugaji aliyehamia Mtowisa, kule bonde la Rukwa, na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, ambaye kila mara alipopandisha mchele wake kutoka bondeni alifikia kwetu. Baridi ya juu huku ilimtesa, kwa hiyo alikuwa amejifunika blanketi langu hadi puani na kusogeza jiko la mkaa katikati ya miguu yake. Mdogo wangu alitundika ukutani karatasi za nyuma za kalenda za zamani, amezichorea kwa kalamu nene, akaanza.

"Makala hii imeandikwa na profesa wa..."

Shangazi akapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimepinda, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu Ufipa.

"Shangazi, usipige makofi."

"Si umetaja profesa?"

"Nitamtaja mara nyingi."

"Basi nitachoka, lakini siyo kosa langu."

Akaendelea. Waandishi walichukua damu ya ng'ombe sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Wakasoma yale maandishi ya ndani, vinasaba, wakayaingiza kwenye kompyuta, nayo ikachora mti wa ukoo: ng'ombe gani ni ndugu wa ng'ombe gani. Na hapo ndipo lilipotokea ajabu. Ng'ombe wa sehemu moja walikuwa na undugu na ng'ombe wote wengine. Waandishi wakahitimisha kwamba hapo ndipo koo za ng'ombe zilipokutana zama za kale, na kutoka hapo zikatawanyika.

Shangazi alipiga makofi kwa ajili ya ng'ombe pia.

"Sasa makosa," nikasema.

Mdogo wangu akageukia karatasi zake za ukutani. "Dada, hesabu zao ni nzuri kabisa. Nimezirudia mwenyewe."

"Aibu kuwatafutia makosa," shangazi akaingilia. "Watoto wa watu wametoka kwao, wamekuja huku kwenye jua kuchoma ng'ombe sindano, halafu wewe umekaa kivulini unawasema. Mama zao wakisikia?"

"Shangazi, nitafukuzwa."

"Basi waseme kidogo."

Nikaenda nyuma ya mlango nikachukua bambo. Nikamwambia alete makala yenyewe, siyo zile picha za kalenda. Ilikuwa na kurasa nyingi zilizobanwa kwa pini. Nikamwuliza, hapa mbele pana nini? Akasema pana muhtasari na picha, pamepangwa vizuri. Nikamwambia hapo ni mdomoni mwa gunia, kila mtu huweka punje nzuri mdomoni. Katikati pana nini? Matokeo. Na wapi hapasomwi na mtu? Akafikiri. Akasema kuna sehemu ya mbinu, mwishoni, kwa maandishi madogo, wanapoeleza walivyoipata damu.

"Soma hapo," nikasema, nikiwa nimeliweka bambo juu ya ukurasa.

Akaanza kusoma na kutafsiri. Sindano za aina fulani, chupa za aina fulani, barafu. Mzee Msukuma alikuwa amelala, au tulidhani amelala. Sauti ikatoka ndani ya blanketi.

"Hao ng'ombe waliwakuta wapi?"

"Wapi, mzee?"

"Wale wenye ndugu kila mahali. Walikuwa malishoni au bomani? Kwa nani?"

Mdogo wangu akafuatisha mstari kwa kidole, akamtajia mji wenyewe. "Wameandika... sokoni. Siku ya soko, kwa sababu ndipo ilipokuwa rahisi kupata ng'ombe wengi kwa pamoja."

Blanketi likaanza kutikisika. Nilidhani baridi imemzidi. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akapiga jiko teke, tukaanza kukanyaga makaa.

"Mnadani!" akasema alipopata pumzi. "Wamewapima mnadani! Hapo nimepeleka ng'ombe wa huku mimi mwenyewe, na shemeji yangu amepeleka wa Shinyanga, na wengine wanatoka mpakani huko. Mnadani ng'ombe wote ni wageni! Zama za kale! Wangekwenda Jumatano wasingekuta hata kinyesi!"

Mdogo wangu alikuwa amesimama na makala mkononi. Alirudia kusoma mstari ule mara tatu. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, mbali na kiti.

"Ni kweli," akasema. "Kompyuta imesoma sawasawa. Gunia ndilo lililojazwa vibaya."

"Sasa umepata," nikasema.

"Nimepata," akajibu kwa huzuni kubwa. "Lakini mwenyewe hayupo. Hili ni baya zaidi, dada. Kosa dogo ningeweza kulisema. Hili litamuaibisha."

Mzee Msukuma akamtazama, akanitazama mimi. "Ninyi Wafipa," akasema, "mtakufa na adabu zenu."

"Tutamwita," nikasema.

Mji wetu wakati ule ulikuwa na mahali pamoja pa intaneti ninapopajua, chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyefunika kila kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kama redio. Tuliingia watatu, kwa sababu shangazi alitaka kuona mahali barua inapotokea.

Anwani ya profesa ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala; ya kujibiwa tuliazimwa ya duka. Mdogo wangu aliandika mistari miwili kwa Kiingereza, akanitafsiria: nimesoma makala yako, ninaona kasoro katika ukusanyaji wa sampuli, naomba maelezo.

"Hiyo siyo barua," nikamwambia. "Hiyo ni hati ya mahakama. Hujamsalimia."

"Dada, wenzetu hawasalimiani hivyo."

"Unakwenda kumsema mtu na hujui ameamkaje?"

Akafuta. Tukaanza upya. Tulimsalimia, tukamuuliza habari za nyumbani na za kazi. Tukamweleza kwamba sisi ni watu wa juu huku Ufipa, kwamba mavuno yalikuwa ya wastani na sasa tunangoja mvua. Shangazi akasema aambiwe ng'ombe hawajambo. Kisha tukamweleza kwamba kijana wetu ameagizwa na wakubwa wake kumsema mbele ya watu, siyo kwa ubaya, na kwamba kwetu mtu hasemwi hayupo, hivyo anaombwa ama aje, ama ajibu, ama atoe ruhusa. Mwisho tukaandika jambo la mnada, kwa upole. Mdogo wangu alikuwa anatokwa jasho kwenye chumba cha baridi.

"Ukibonyeza hapo inakwenda?" shangazi akauliza.

"Imeshakwenda."

"Imepita wapi?"

Mdogo wangu akairudishia kompyuta kitambaa chake.

Siku ya tatu tukarudi. Hakuna jibu. Tukatuma ileile tena.

"Mnamtumia mtu barua ileile?" mwenye duka akasema. "Hiyo ya kwanza haipotei, mama. Ipo."

"Tunamwita," nikamwambia. "Kuita ni mara tatu."

Mara ya tatu umeme ulikatika tukiwa katikati, tukangoja mpaka ukarudi, tukatuma. Jibu halikuja. Muhula ukafika. Stendi, mdogo wangu alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kufungwa.

"Umemwita mara tatu," nikamkumbusha. "Unajua linalofuata."

"Dada, siwezi kubeba kiti cha baba kwenye basi."

"Si lazima kiwe cha baba. Chuoni hakuna viti?"

Akanitazama kuona kama natania. Sikuwa natania. Shangazi akampa chupa ya togwa ampelekee profesa wake, akapiga makofi kwa ajili ya safari, basi likaondoka.

Siku ya semina ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa kibandani Majengo, nimepandisha gunia la maharage kwenye mizani, simu ikaita. Wakati ule simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kuvulia kofia. Mwenye maharage alivua yake.

"Dada, nimeweka kiti."

"Enhe."

"Nimekiweka mbele, karibu na ukuta wa picha. Wakauliza cha nani. Nikasema cha mwandishi, nimemwita mara tatu."

"Wakasemaje?"

"Dada, wamesahau mimi natoka wapi? Hawajasahau. Mtu wa Sumbawanga, mji wanaousema kwa uchawi, ameweka kiti kitupu, anasema mwenyewe nimeshamwita! Watu wote wakatazama dirishani. Mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, 'Mshikaji, huyo uliyemwita ndiyo keshafika au?' Dada mmoja wa mstari wa mbele akabeba mkoba wake akahamia nyuma. Hakuna aliyetaka kukaa karibu na kile kiti. Hata aliyekuwa anafungua projekta alizunguka mbali."

"Na profesa?"

"Profesa alikitazama kile kiti. Halafu akasimama, akaja mbele, akakaa yeye. Akasema, 'Haya. Mimi ndiye mwandishi. Niseme.'"

Wenyewe tunajua maana ya mtu kukaa kwenye kile kiti.

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia shikamoo. Halafu nikamwambia, mzee, ulikwenda kuchukua damu mnadani, siku ya soko, kwa sababu ulikuwa na haraka. Akajitetea! Akasema soko ni la wenyeji. Nikamwambia wenyeji wa soko ni wenye kuuza chapati, siyo ng'ombe. Akasema hesabu zimekubali. Nikamwambia hesabu ni mizani, haijui kilicho ndani ya gunia. Akasema wahakiki wa jarida waliipitisha. Nikamwambia walichoma mdomoni. Dada, nilimsema! Sijui maneno yalitoka wapi. Wenzangu walisahau kuogopa, wakaanza kupiga meza. Akajaribu kunyanyuka, nikamwambia bado, kaa, sijafika kwenye picha ya tatu. Nikamwambia na hii picha ya tatu..."

Simu ikakata.

Nikapiga. Mwanamke wa mtandao akaniambia salio langu halitoshi. Lake pia lilikuwa limekwisha, bila shaka. Alikuwa amepiga kwa vocha ya mwisho ya mwanafunzi. Nikamwacha mwenye maharage na gunia lake juu ya mizani nikakimbia duka la jirani kununua vocha, nikaikwangua kwa ncha ya bambo kwa sababu ndilo nililokuwa nalo mkononi, nikakwangua na namba mbili za katikati. Nikanunua nyingine. Hiyo nikaikwangua kwa ukucha, pole pole, kama navua mtoto mwiba. Wakati naingiza namba, shangazi alikuwa ameshafika kibandani, sijui nani alimwambia.

"Amefukuzwa?"

"Sijui. Amefika picha ya tatu."

"Profesa bado amekaa?"

"Alikuwa bado amekaa."

"Basi hajapona," shangazi akasema, na akaanza kunisogezea sikio lake.

Simu ikaita mara tano kabla hajapokea.

"Umefaulu?" tukasema wote wawili.

"Ngoja nimalizie. Nilipomaliza, nikamshukuru kwa kuja, kama tunavyofanya, nikampa togwa."

"Umefaulu?"

"Alikunywa palepale. Halafu akasimama akageuka kuwa profesa tena, akauliza kama mwanzo: 'Nani alikufundisha hivyo?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema dada."

Mwenye maharage alikuwa amesogea naye.

"Akasema nimefaulu," mdogo wangu akasema, na hapo sauti yake ikawa ya yule wa kitandani kwa shangazi. "Akasema kiti kibaki. Kuanzia wiki ijayo kila semina kitawekwa, na mmoja wetu atakikalia amtetee mwandishi. Ila wenzangu wamesema mimi nisiwe wa kusema tena mpaka wapumzike."

Shangazi alipiga makofi yale yaliyopinda mpaka wauza nyanya wakadhani amepita mkubwa fulani. Mimi niligeuka nikakamilisha kupima maharage. Nilipima vibaya, nikampunja mwenyewe bila kujua, na kesho yake akarudi na kunisema mbele yangu, ipasavyo.

Jibu la profesa wa ng'ambo lilikuja karibu na Krismasi. Mwenye duka la intaneti alimtuma mtu aniite, akisema kuna mzungu amenijibu. Mdogo wangu alikuwa amerudi likizo, akasoma. Profesa yule alikuwa ameomba radhi kwa kuchelewa: alikuwa safarini, na barua tatu zilizofanana zilimfanya adhani ni matapeli, mpaka alipofika kwenye habari ya mnada. Akasema ni kweli. Akasema ile siku gari lao lilikuwa limeharibika na soko ndilo lililokuwa karibu, na kwamba tangu makala itoke hakuna aliyemuuliza hata mmoja, na yeye amekuwa akingoja aulizwe. Ataandika masahihisho, na angependa kumtaja mzee wa Mtowisa kama atakubali.

Mzee alikubali, kwa sharti kwamba ng'ombe wake nao watajwe.

Lakini nusu ya barua yake haikuhusu sayansi. Alieleza habari za nyumbani kwake, za kazi, za goti la mama yake. Alieleza theluji waliyoipata. Alionekana kama mtu ambaye hajaulizwa habari kwa muda mrefu. Mwisho aliuliza kama mvua zetu zilishuka.

"Mjibu," nikamwambia mdogo wangu. "Hilo la mvua ndilo la kwanza."

Akavuta kiti akakaa, akaondoa kitambaa cha kufuma kwenye kompyuta. Nje maji yalikuwa yanapiga bati kwa nguvu hata ilibidi nipaze sauti ili anisikie ninapomtajia: mvua zimeshuka, barabara ya bondeni imekatika, mahindi yameota, shangazi anasema pole kwa goti.